Mke wangu ni manusura wa 1994 na binti yetu anataka kwenda Gisozi: nimpeleke?

Swali la msomaji:

"Daktari, shikamoo. Naishi Mwanza. Mke wangu ni Mnyarwanda, manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994. Wakati ule alikuwa na miaka minane. Wazazi na ndugu zake wote waliuawa. Yeye alikuja kuchukuliwa na shangazi yake aliyekuwa akiishi Karagwe tangu miaka ya sitini, akakulia huko. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, na mengi nimeyapata kwa shangazi, si kwake. Kila ikifika Aprili halali, usiku anazungukazunguka ndani ya nyumba, na hataki redio iwashwe. Sasa binti yetu wa kidato cha tatu, ana miaka 15, ameanza kuuliza. Anasoma kwenye simu. Juzi akaniuliza kama ni kweli kwamba pande zote mbili ziliuana. Anataka likizo ya Desemba twende Kigali, kwenye makumbusho ya Gisozi. Mdogo wake wa miaka tisa naye anataka. Mama yao akisikia habari hiyo ananyamaza, anaondoka mezani. Mama yangu mzazi anasema tusitoneshe kidonda kilichopona. Nimesikia pia kwamba kuna mafuvu ya watu yamewekwa ndani ya vioo. Kwa nini hawawaziki? Na mahali kama pale hapafundishi watoto chuki? Niwapeleke au niache?"

Marahaba, ndugu yangu, na asante kwa kuandika kwa uwazi hivi. Umeuliza swali moja, la kwenda au kutokwenda, lakini ndani yake naona maswali mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni la binti yako, anayetaka kujua kilichotokea katika nchi ya mama yake. La pili linamhusu mkeo na yaliyompata yeye, nyumbani kwao, akiwa na miaka minane. Historia ya Rwanda ni ya kila mtu na binti yako ana haki ya kuijua. Simulizi ya mkeo ni yake. Hakuna mwenye haki ya kumdai aitoe, si wewe uliyemwoa wala mtoto aliyemzaa. Ukiyatenganisha hayo mawili, utaona njia inafunguka: binti anaweza kujifunza bila mama yake kulazimishwa kusema hata neno moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya jumba kama lile la Gisozi. Linabeba historia ili manusura asilazimike kuibeba peke yake, nyumbani kwake, mbele ya wanawe.

Nianze na mama yako mzazi, kwa heshima zote. Anachosema kinatokana na upendo, na wazee wetu wengi wangesema vivyo hivyo. Lakini kidonda anachokitaja hakijapona. Mtu aliyepona hakeshi kila Aprili kwa zaidi ya miaka thelathini. Ninyi mmezoea kutokigusa, mkadhani kutokigusa ndiko kupona.

Ngoja nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa utamwona mkeo kwa macho mengine. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka siku ya harusi yako unajua ilikuwa lini, ilianzaje, ikaishaje, na unajua kwamba imepita. Hofu ya kuuawa huvuruga mpangilio huo. Ubongo wa mtoto anayewindwa haupangi hadithi. Huhifadhi vipande: harufu, mlio, baridi ya matope, moyo unavyodunda. Vipande hivyo hubaki ndani bila tarehe. Kimoja kikiguswa, mwili wake haujui kwamba jambo hilo lilitokea 1994. Unaitika kana kwamba linatokea usiku huu, chumbani kwenu. Aprili ni msimu wa mvua Rwanda, na kwenu Mwanza pia mvua hunyesha. Wauaji walipuliza filimbi walipokuwa wakiwasaka watu vichakani na mabondeni. Na kuhusu redio: kituo cha RTLM cha Wahutu wenye msimamo mkali, kilichoanza kurusha matangazo Julai 1993, kilifika mahali pa kutaja hewani majina ya watu na sehemu walikojificha ili wafuatwe. Kwa mtoto wa Kitutsi wa miaka minane, sauti ya redio mwezi ule haikuwa burudani. Kwa hiyo mkeo akikuomba uzime redio, mzimie tu, usimuulize sababu.

Wala hayuko peke yake katika hali hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta dalili za msongo wa baada ya kiwewe kwa karibu asilimia 28 ya manusura, ilhali kwa wananchi kwa jumla ilikuwa chini ya asilimia 4. Sonona ilikutwa kwa asilimia 35 ya manusura. Hiyo ni karibu robo karne baadaye. Wanyarwanda wenyewe huiita ihahamuka ile hali ya manusura kushikwa na hofu ghafla hadi kushindwa kupumua, na kila mwaka kwenye shughuli za kumbukumbu, zinazoanza tarehe 7 Aprili, huwapo washauri nasaha na watu wa Msalaba Mwekundu wa kuwapokea wanaozidiwa.

Sasa usije ukachukua maelezo haya ukaenda kumwambia mkeo, "Daktari amesema lazima ukumbuke ndipo upone." Hapana. Kukumbuka kwa kusukumwa kunaumiza sawasawa na kunyamaza, pengine zaidi. Kinachosaidia ni kukumbuka kwa hiari, kidogokidogo, mahali salama, ukiwa na mtu unayemwamini, na ukijua unaweza kusimama wakati wowote. Mwaka 1994 hakuna aliyemuuliza anataka nini. Akijikuta leo ndani ya basi la kwenda Kigali kwa sababu familia imeshaamua, mwili wake utalijua hilo hata kama nia yenu ni njema.

Kuhusu watoto, wazazi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba ukimya unawalinda. Watoto wa nyumba yenye jambo lisilosemwa hawabaki bila hadithi, hujitungia ya kwao. Wanaona mama anaamka usiku. Wanaona baba anaiendea redio haraka. Mdogo anaweza kudhani kwamba kosa ni lake, kwamba mama hulia kwa sababu yeye ni mtundu. Mkubwa, kama huyu wako, huenda kwenye simu. Na kwenye simu mtu wa kwanza kumjibu anaweza kuwa mkanushaji. Swali la "pande zote mbili" halikutoka hewani, binti yako amekwishakutana na watu hao. Kwa hiyo hali mliyo nayo sasa si ya kuchagua kati ya kumwambia na kutomwambia. Ameshaanza kuambiwa.

Basi tumjibu. Tarehe 6 Aprili 1994 usiku, ndege iliyokuwa imembeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Walikuwa wanatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda hii. Watu wengi huhadithia kana kwamba wananchi walikasirika kwa kifo cha rais wao wakaanza kukatana mapanga. Hiyo si kweli. Hasira za mitaani haziweki vizuizi vya barabarani usiku uleule, wala haziandiki orodha za majina kabla ya msiba. Vijana wa Interahamwe, wanamgambo wa chama cha rais, walikuwa wamepewa mafunzo mapema. Gazeti la Kangura, lenye msimamo kama wa RTLM, lilikuwa limechapisha amri zake kumi dhidi ya Watutsi Desemba 1990. Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, alikuwa ameshawaonya wakubwa wake New York Januari 1994. Miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa asubuhi ya tarehe 7 alikuwa Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana, ambaye alikuwa Mhutu. Aliuawa kwa sababu alisimama katika njia ya mpango huo. Waliouawa katika siku takriban 100 zilizofuata, wengi wao Watutsi, serikali ya Rwanda huwahesabu kuwa zaidi ya milioni moja. Umoja wa Mataifa kwa muda mrefu umetaja 800,000.

Ukitaka aelewe haraka jinsi nchi nzima ilivyoweza kugeuzwa hivyo, mpe kitambulisho chako cha NIDA akisome. Hakina mahali pa kabila. Cha Rwanda kilikuwa napo. Wabelgiji waliwagawa watu kwa vitambulisho katika miaka ya 1930, wakaandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na watu ambao lugha yao ni moja, vilima vyao ni vilevile na wengi wao wameoana, wakawa na neno moja kwenye karatasi linaloamua nani aende shule. Baada ya uhuru serikali zilizofuata ziliendelea nacho. Kwenye kizuizi cha Aprili 1994 kilichotakiwa kwanza kilikuwa hicho kitambulisho. Sisemi chuki ilitoka kwa Wabelgiji peke yao. Walioua walikuwa Wanyarwanda, na waliopanga walikuwa wasomi, wanasiasa na maofisa wenye akili zao timamu.

Kuhusu pande mbili, mwambie ukweli wote, kwa sababu ukimpa nusu atajazia nusu nyingine mtandaoni. Wanajeshi wa RPF, waasi waliosimamisha mauaji Julai 1994, nao waliua raia, na hilo limeandikwa. Mauaji ya wakimbizi wa Kihutu yaliyofanyika Kongo miaka ya 1996 na 1997 yamo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. Burundi nayo ina wafu wake wengi wa 1972 na 1993. Familia za Kiswahili za Bukavu, Uvira na Bujumbura zinazosoma hapa zina misiba yao, na kila aliyeuawa anastahili kuliliwa na kupatiwa haki. Lakini mauaji ya kimbari ni jina la jambo mahususi: kukusudia kuliangamiza kundi la watu kwa sababu tu ni kundi hilo, watoto wachanga wakiwamo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilisikiliza ushahidi kwa miaka mingi. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana wazi, halihitaji tena kuthibitishwa upya katika kila kesi. Anayesema "waliuana tu" hatafuti usawa. Anafuta kosa kwa kuligawa kwa wote.

Na hapo Mwanza, anaweza kuanza kujifunza kabla hamjakata tiketi. Maiti zilizotupwa katika mito ya Nyabarongo na Akagera zilibebwa na maji hadi Ziwa Victoria. Wazee wa kando ya ziwa wanakumbuka kipindi watu walipoogopa kula samaki. Upande wa Uganda, wavuvi na wanavijiji waliziopoa wakazika, na leo kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo yenye zaidi ya watu 10,000. Halafu kuna Ngara: mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na kati yao walikuwamo walioua. Mpe nafasi awaulize wazee hayo. Atakwenda Kigali akijua kwamba historia hii ilifika mpaka kwenye ziwa analoliona akienda shule.

Sasa jumba lenyewe. Liko juu ya kilima cha Gisozi, ndani ya jiji la Kigali. Mazishi yalianza pale 2001, na jumba likafunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji. Wamezikwa pale zaidi ya watu 250,000, katika makaburi ya pamoja yaliyofunikwa kwa zege pana, pembeni yake kuna bustani na ukuta wa majina ambao mpaka leo haujakamilika kwa sababu wengi hawajatambuliwa. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Gisozi katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine matatu ya kumbukumbu: Nyamata, Murambi na Bisesero. Nasisitiza mazishi kwa sababu watu hulifikiria kama mahali pa maonyesho. Pale ni makaburini kwanza, na kwa familia nyingi ndipo mahali pekee pa kuweka shada la maua.

Hapo ndipo lilipo jibu la mafuvu. Si kwamba hawawaziki. Walio wengi wamezikwa, na bado wanaendelea kuzikwa: Mei 2019, kule Nyanza ya Kicukiro, hapohapo Kigali, walizikwa kwa heshima zaidi ya watu 84,000 ambao miili yao iligunduliwa katika mashimo huko Kabuga na maeneo ya jirani, robo karne baada ya kuuawa, na majirani wengine walikuwa wanajua wakati wote huo. Kiasi kidogo cha mifupa huachwa ionekane, na pale Gisozi kuna chumba chenye mafuvu nyuma ya kioo, kingine chenye nguo za marehemu, kingine chenye picha zilizoletwa na familia. Sababu kubwa ni ukanushaji. Waliofanya haya walificha miili, na wenzao wanakanusha mpaka leo. Fuvu lenye alama ya panga halibishaniwi kirahisi. Lakini nikwambie kwamba manusura wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaosema bila mifupa dunia haitaamini. Wapo wanaosema mama yangu si kielelezo, mzikeni. Binafsi nawaelewa wa pili zaidi, ila sijafiwa kama wao, na sauti yangu ni ndogo katika hilo. Murambi, ambako miili ilihifadhiwa kwa chokaa, na kanisa la Nyamata lenye nguo zilizorundikwa juu ya mabenchi, ni pazito kuliko Gisozi. Msizipitie katika safari ya kwanza, hata dereva akiwaambia ni karibu.

Kama panafundisha chuki? Nilichokiona kwa vijana wanaotoka pale ni huzuni na maswali mengi, chuki ni nadra, na ikitokea mara nyingi ni kwa aliyepelekwa bila kuandaliwa. Maonyesho ya chini yanaeleza jinsi mgawanyiko ulivyojengwa hatua kwa hatua, na yanao pia waliookoa wenzao. Mwambie binti yako habari za Sula Karuhimbi, bibi kizee aliyeaminika kijijini kwake kuwa mganga mwenye nguvu, akawatishia wauaji kwamba wakiingia kwake mizimu itawashukia, na watu kadhaa wakapona ndani ya nyumba yake. Ghorofani kuna sehemu ya mauaji ya kimbari ya kwingineko, kuanzia Waherero na Wanama wa Namibia hadi Waarmenia, Wayahudi wa Ulaya na Kambodia. Sehemu hiyo huwasaidia vijana sana, maana huondoa ile fikra kwamba jambo hili ni la "Waafrika" au la watu wa kabila fulani. Jumba hili pia linasimulia kwa mtazamo wa taifa la Rwanda lilivyojiandika baada ya 1994, na yale ya Kongo niliyoyataja hutayakuta yameelezwa kwa upana. Hiyo haibatilishi kilichomo. Ni sababu nyingine ya wewe mzazi kuwa kando yake, umejiandaa, usimwachie maelezo ya kwenye vifaa vya masikioni peke yake.

Mdogo wa miaka tisa asiingie. Hapo sina mjadala. Yad Vashem ya Jerusalem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, hairuhusu watoto chini ya miaka 10 katika makumbusho yake makuu, na makumbusho ya taifa ya Holocaust, yaani mauaji hayohayo ya Wayahudi, yaliyoko Washington hupendekeza maonyesho yake makuu kwa miaka 11 na kuendelea. Gisozi kuna chumba cha watoto waliouawa, picha kubwa za sura zao, chini yake pameandikwa chakula mtoto alichokipenda, rafiki yake, na namna alivyouawa. Watu wazima hutoka mle wakishikilia ukuta. Mtoto wa miaka tisa atajiona yeye mle ndani, na hana bado uwezo wa kuyapanga hayo kichwani. Mwambie ukweli unaomtosha: babu na bibi mzaa mama waliuawa zamani na watu wabaya, si kwa kosa lao, mama alikuwa mdogo kama wewe, sasa yuko salama, na akihuzunika si kwa sababu yako. Hiyo sentensi ya mwisho irudie mara nyingi.

Binti wa miaka 15 anaweza kwenda, na ningependelea aende, mradi awe na wewe na awe amekwishayajua kwa maneno yale atakayoyaona kwa macho. Mweleze mapema kuna vyumba gani. Mwambie chumba chochote anaweza kukiruka, na mpatane ishara, hata kushika mkono wako tu, ya kumaanisha tutoke nje. Saa mbili zinatosha. Nendeni asubuhi ili jioni mpate kuzungumza na kula pamoja; msipande basi la usiku kutoka pale moja kwa moja, maana atakaa gizani na picha zile bila wa kumsemesha. Kuingia ni bure. Maandishi ni kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo ulizeni mapema kama mnaweza kupata mwongozaji anayejua Kiswahili. Kabla ya kupiga picha ulizeni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, shughuli nyingi husimama, msiichague. Na mwonye jambo moja ambalo kwetu ni la kawaida: asimuulize mtu yeyote Rwanda "wewe kabila gani?" Kwa mtu mwenye historia ile, swali hilo ndilo lililoulizwa kizuizini.

Nimebaki na mkeo, ambaye ndiye ninayemfikiria zaidi tangu niliposoma barua yako. Usimpelekee mpango uliokwisha. Chagua wakati wa utulivu, mbali na Aprili, watoto wakiwa hawapo, na useme maneno machache: "Mama fulani, binti yetu anauliza habari za Rwanda. Sitaki ajifunze kwa watu wa mtandaoni. Nafikiri nimpeleke Gisozi mimi mwenyewe. Wewe huna haja ya kwenda wala ya kusema lolote. Ila kama kuna jambo ungependa alijue, au usingependa alijue, niambie." Kisha nyamaza. Akiondoka mezani, mwache aondoke, na usimfuate kwa maswali. Jibu linaweza kuja baada ya wiki, tena likiwa fupi, pengine jina tu la kilima walichoishi. Lipokee hivyohivyo.

Anaweza kukujibu kwa namna nne, na zote ni halali. Akisema nendeni, mimi nabaki, basi nendeni, na mhakikishe siku hiyo hayuko peke yake nyumbani; shangazi wa Karagwe angefaa sana. Akisema nitakuja Kigali lakini siingii, msafiri pamoja, akae kwa mtu anayemwamini au bustanini, na mkitoka msimhoji wala binti asimkimbilie kwa machozi akidai kuelezwa. Akisema anataka kuingia, ningeshauri aende kwanza bila watoto, na mtu anayemchagua yeye, ili asilazimike kujizuia kulia kwa ajili yao. Manusura wengi hupata nafuu ya ajabu wanapoona jina la mtu wao limeandikwa mahali. Wengine huzidiwa mlangoni. Siwezi kukuahidi yeye atakuwa yupi. Kama hajui walikozikwa wazazi wake, watu wa kuuliza ni chama cha manusura cha IBUKA na viongozi wa eneo walikoishi, lakini asubiri hadi yeye mwenyewe atake kuanza kutafuta. Na akisema hapana kabisa, hata binti asiende mwaka huu, ningekusihi umheshimu mwaka huu, uendelee kumfundisha binti hapo nyumbani kwa yale niliyoandika, kisha ulirejeshe swali taratibu mwakani. Atakuwa na miaka 16, na jumba litakuwa palepale.

Kuna hali ambazo barua yangu haitoshi. Kama Aprili ya mkeo inaenea hadi Juni, kama usingizi umekatika kwa wiki nyingi, kama anashtuka na kwa muda hajui yuko wapi, kama ameanza kunywa pombe ili alale, kama anaacha kula au anasema heri angeenda na wenzake, mpeleke kwa mtaalamu ana kwa ana, usingoje Desemba. Akitaja kutaka kufa, nenda siku hiyohiyo. Kwa Mwanza, hospitali ya Bugando ina huduma ya magonjwa ya akili. Akiwa Rwanda, hospitali ya Ndera iliyo pembezoni mwa Kigali imewahudumia manusura kwa miaka mingi. Uliza kama yupo aliyefundishwa tiba ya kusimulia maisha hatua kwa hatua, ambayo ilijaribiwa na wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali katika makazi ya Nakivale, Uganda, ikapunguza dalili zao, na haihitaji miaka ya matibabu. Dawa zinaweza kusaidia, lakini peke yake mara nyingi hazitoshi. Kwa binti, ukiona baada ya safari anaota ndoto mbaya zaidi ya mwezi, amejitenga na wenzake au ameacha kusoma, zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwake, au mpige simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi. Na wewe mwenyewe, uliyeishi na ukimya huu miaka yote bila kuuliza kwa sababu ya kumpenda, una haki ya kumwona mshauri kwa ajili yako pia, hata kabla yake. Akikuona umekwenda na ukarudi salama, huenda ikawa rahisi kwake kukubali kwenda.